Kiondo Kilichorudi na Sukari

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi Bungeni miaka ile ya sabini, hunivutia kiti. Wanataka niwasimulie vigogo: nani alimtukana nani, nani alilia chooni. Huwa nawavunja moyo mapema. Mimi nilikuwa taipisti wa kamati, tena kamati ndogo, iliyokaa chumba cha nyuma chenye dirisha lililofunguka nusu, na kazi yake ilikuwa kusoma sheria za watu wengine. Nilichoka nikiwa na miaka ishirini na sita. Hilo ndilo ningeweza kuwasimulia, lakini uchovu hauna hadithi, kwa hiyo nawapa chai wanakunywa wanaenda zao.

Sheria zenyewe zilikuwa za Ulaya. Nchi yetu ilikuwa imefunga mkataba wa biashara na nchi za huko, na ndani ya mkataba kulikuwa na kipengele kilichosema kwamba wakitaka kutunga sheria itakayogusa mazao yetu, watatuletea rasimu tuiangalie kabla haijapitishwa. Kuangalia ndilo neno lililotumika. Si kukataa, wala si kukubali. Basi rasimu zilikuja kwa ndege katika bahasha nene za kahawia, na sisi tukaziangalia: kahawa, ngozi, nanasi la mkebe, pareto, nyama. Nilijua unyevu unaoruhusiwa katika gunia la kahawa kabla sijajua kupika chapati ikalainika.

Kuangalia kwenyewe kulikwenda hivi. Rasimu iliandikwa Kifaransa, ikageuzwa Kiingereza huko huko, ndipo ikafika kwetu. Siku zile wabunge walikuwa wametakiwa waanze kuzungumza Kiswahili, ila sheria zilibaki katika Kiingereza. Kwa hiyo kifungu kilisomwa kwa Kiingereza, kikajadiliwa kwa Kiswahili, na mimi nikakipiga chapa kwa Kiingereza tena. Kikifika mwisho wa safari hiyo hata aliyekiandika asingekijua. Wajumbe walikuwa saba na kikao kilihitaji watano, na kuwaweka watano ndani ya chumba ilikuwa kazi ya chai. Tulijifunza kwamba chai na mandazi vikija pamoja, nusu saa baadaye viti viko vitupu. Tukaanza kuleta chai kwanza na mandazi baadaye, ili anayengoja mandazi apige kura akingoja.

Mkubwa wangu alikuwa karani wa kamati, mwalimu wa zamani, mwembamba, mwenye sweta moja ya kijivu iliyofanya kazi mwaka mzima. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kanuni moja, na aliirudia kila siku bila kuchoka, labda ndicho kitu pekee ambacho hakikumchosha: kisichosemwa mezani hakikusemwa. Mbunge angeweza kukuambia jambo la maana sana koridoni, au kwenye ngazi, au akiingia garini. Kama hakulisema akiwa amekaa kwenye meza ile, na mwenyekiti akiwa amekaa, halikuingia kwenye ripoti. Mimi mwenyewe niliketi ukutani na daftari langu. Taipisti hakuwa na mdomo mezani, na kwa miaka mingi sikuona kwamba hilo ni tatizo.

Nilikaa Kangemi, katika chumba cha mbao nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane. Mimi ni mtu wa magharibi; nilikuja mjini na cheti cha taipu na anwani ya binamu ambaye nilipofika alikuwa ameshahama. Mama yule alizaliwa pale pale, kabla mji haujamfikia. Aliniita Karani. Nilimwambia mara nyingi kwamba mimi ni taipisti, si karani, akasema kwake mtu yeyote anayelipwa akiwa ameketi ni karani.

Chini ya nyumba yake, ardhi ilipoteremka kwenda mtoni, alikuwa na shamba dogo ambalo ungelizunguka huku sufuria ya ugali ikiwa jikoni na usiunguze. Hapo alipanda mishiri, yale maharagwe membamba ya kijani yanayoliwa na ganda lake. Mara tatu kwa wiki lori la mnunuzi lilisimama pale juu barabarani, likachukua katoni za wakulima wadogo kama yeye, na kesho yake mishiri ya Kangemi ilikuwa Ulaya kwenye sahani ya mtu. Aliichuma alfajiri na kuichagua chini ya paa la nyumba yake, juu ya gunia alilolifua na kulianika mpaka likawa jeupe. Iliyonyooka iliingia kwenye katoni. Iliyopinda iliingia kwenye sufuria, na mimi nimekula mingi sana iliyopinda.

Majirani zake walikuwa wameanza kung'oa. Watu walimiminika kutoka kwetu magharibi na kila pembe wakitafuta vyumba, na mwenye kipande cha ardhi alipata zaidi kwa kupanda mabati kuliko kwa kupanda mboga. Yeye alikataa. Vyumba vitatu vya mbao vilimtosha, alisema, na hata hivyo vilimchosha. Siku moja nilimuuliza kwa nini asijenge kama wenzake. Aliniangalia nilivyokaa kwenye ngazi yake nikila mishiri yake, akasema, "Mpangaji huwezi kumpalilia, Karani."

Ndipo ikaja rasimu ya mboga mbichi. Niliipokea kama zote, nikaipiga muhuri, nikakaa kuifupisha kwa ajili ya wajumbe. Kifungu cha saba kilisema mishiri itakayoruhusiwa kuingia ni ile tu iliyochaguliwa na kufungwa katika nyumba iliyoandikishwa, yenye sakafu ya saruji, maji ya bomba na kuta zinazoosheka. Nilikipiga chapa mpaka neno "sakafu", vidole vikasimama. Niliona lile gunia jeupe waziwazi kama liko juu ya taipu yangu.

Jioni nilimwambia. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama kuna mtu wa Ulaya aliyeumwa na tumbo kwa mishiri yake, nikasema halijaandikwa hilo. Akauliza kama kuna mtu wa Ulaya aliyeliona gunia lake, nikasema hakuna. Alimenya kiazi kimoja kwa muda mrefu kuliko kiazi kinavyohitaji. Sheria hiyo ikipita lori halingesimama tena, na lori lisiposimama hakuwa na sababu ya kulima. Angebaki na ardhi na majirani wa kumwambia ajenge.

Kamati ilikuwa imealika mashahidi wawili: mtu wa kampuni ya kusafirisha na msimamizi wa shamba kubwa, wote wawili wakiwa na saruji ya kutosha. Karani wa kamati akasema ingependeza akipatikana mkulima mdogo mmoja, isije ikasemwa kwamba hatukuwasikia wadogo. Aliuliza chumbani kama kuna anayemjua mmoja. Nikasema namjua. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe niliona kama kazi ile ina faida, na nilikwenda nyumbani siku hiyo kwa miguu kupitia Westlands, nikiwa na furaha ya kijinga.

Nilijitolea kumwandikia maelezo yake, ukurasa mmoja, safi, wenye nafasi pembeni. Alikataa. "Maneno nitabeba mwenyewe," alisema. "Wewe niambie tu mlango iko wapi." Sikumlazimisha. Nilimchorea njia kutoka kituo cha basi hadi lango la Bunge, nikamweleza kwamba ataitwa saa nne, na kwamba kule ndani mtu huongea akielekea kwa mwenyekiti. Siku ya kikao nilitoka mapema kabla yake kwa sababu nilikuwa na stensili za kukata, zile karatasi za nta za kutolea nakala.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika. Saa tatu na nusu hivi tarishi wetu, mzee mmoja mpole, aliingia chumba cha chai amebeba kiondo. Mizigo ya wageni iliachwa kwa askari langoni, na askari, alipoona kiondo cha chakula, akakipeleka juu. "Yule mama wenu ameleta hii," tarishi akasema, akakiweka mezani akaenda.

Nilikitambua kabla hajakitua. Kilikuwa kiondo chake cha mkonge, chenye mistari ya bluu na nyekundu na mkanda wa ngozi ulioshonwa upya. Ndani kulikuwa na mishiri, mafungu mawili makubwa, moja limefungwa kwa kitambaa cheusi na jingine kwa cheupe. Roho ilinilainika. Nilidhani ni shukrani. Kwetu mtu hawezi kwenda kwa wakubwa mikono mitupu, na kwao vile vile, na mimi ndiye niliyemtafutia mwaliko. Nikajua pia jambo jingine ambalo nililijua tangu utotoni, kabla ya kusoma wala kuandika: kiondo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukikipokea kimejaa, unakimwaga, unatia chako, unarudisha. Usipofanya hivyo umemwambia mwenyewe kwamba alichokuletea si kitu.

Basi nilifanya kama nilivyolelewa. Nilifungua mafungu yote mawili nikamwaga mishiri kwenye sinia. Nilichukua karatasi za stensili zilizoharibika, nikafunga vifurushi saba vya haki sawa, nikaweka kifurushi kimoja kando ya kila kikombe, ili wajumbe waone kwamba mama wa Kangemi hakuja kuomba tu, kaja na kitu. Kisha nikatia ndani ya kiondo kilo moja ya sukari na pakiti ya majani ya chai kutoka kabati letu. Nilikifunika vizuri. Nilipiga hatua nyuma nikaitazama ile meza, vikombe saba na vifurushi saba, nikajiona mtu mwenye adabu.

Aliitwa saa nne na robo, chai ikiwa imeshanywewa nusu. Alivaa kitambaa kichwani na koti la mvua juu ya gauni lake la kanisa. Alikaa kwenye kiti alichoonyeshwa, akaelekea kwa mwenyekiti kama nilivyomwambia, akasema jina lake, kwamba ana shamba, na analima nini. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilikuwa nikiandika kwa haraka. Kisha akasema ana kitu cha kuwaonyesha wazee, kiko ndani ya kiondo chake alichonyang'anywa langoni. Mwenyekiti akaniashiria. Nikaenda chumba cha chai, nikakileta, nikakiweka miguuni pake, na hata wakati huo, naapa, sikuwa nimeelewa.

Alitia mkono ndani bila kutazama. Mkono ukatoka na sukari.

Wajumbe wawili walicheka, si kwa ubaya. Walidhani ni zawadi nyingine. Yeye aliitazama ile sukari, akaipakata, akachungulia ndani ya kiondo, akaona majani ya chai. Akainua macho akaiona meza, vile vifurushi kando ya vikombe. Halafu akanitazama mimi. Haikuwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umefungwa na funguo ziko ndani.

"Ilikuwa mafungu mbili," alimwambia mwenyekiti. "Moja nimechagua mimi, kwa gunia yangu. Hiyo ingine nimeomba kwa nyumba ile kubwa, ile iko na saruji na bomba. Nilitaka kuuliza wazee waniambie gani ni gani."

Mwenyekiti alifungua kifurushi chake. Wengine wakafungua vyao. Mishiri ikatoka kwenye karatasi za stensili, mibichi, iliyonyooka, yote sawa. Akamwambia aje achague basi, awaonyeshe. Aliinuka, akainama juu ya kifurushi cha mwenyekiti, akageuzageuza maganda kwa kidole. Aliangalia cha pili. Chumba kizima kilimngojea. Kisha akanyooka.

"Imechanganyika," alisema. "Hata mimi siwezi kujua sasa."

Mwenyekiti alikuwa mtu wa heshima. Alimshukuru sana kwa kuja na kwa mboga, akasema kwa bahati mbaya kielelezo kisichotambulika hakiwezi kupokelewa, akamuuliza kama ana la kuongeza. Alisema hana. Alirudisha sukari ndani ya kiondo, akakitundika mgongoni, akatoka. Mandazi yakaletwa. Kifungu cha saba kikapita bila marekebisho, kwa watu watano, wawili wao mdomo umejaa.

Nilikuwa nimeketi ukutani na daftari. Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema, jamani, ni mimi niliyechanganya, na isitoshe, hamjaona? Aliyeilima ameshindwa kuitenganisha, na ninyi mmeshindwa, sasa saruji imefanya kazi gani? Maneno hayo yote yalinijia vizuri sana, kwa mpangilio, nikiwa njiani kurudi, karibu na lile bonde la Chiromo, ambako hakukuwa na mwenyekiti. Maji yakimwagika hayazoleki. Kule chumbani niliandika tu yaliyosemwa mezani, na nilikuwa na mwandiko mzuri.

Nilipofika Kangemi nilimkuta jikoni kwake. Alinimiminia chai kabla sijaketi. Ilikuwa tamu mno, alikuwa ameitilia sukari bila huruma, na nilijua ni ipi. Nikamweleza yote: tarishi, kiondo, jinsi nilivyodhani, jinsi kwetu tunavyofanya. Nililia kidogo. Nilitaka anitukane, maana ningetukanwa ningelala.

"Ulifanya vizuri," alisema. "Hata mimi nikiletewa kiondo sirudishi tupu." Akanywa chai yake, akaongeza kwamba kosa ni lake, angekibeba mkononi akatae kukitoa langoni. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayefunga hesabu ya siku, nikaona kwamba sitapata adhabu yangu, na kwamba hiyo ndiyo adhabu.

Jumatatu iliyofuata mjumbe mmoja, aliyekaa Muthangari, alinisimamisha koridoni. Alikuwa mtu mzito, mcheshi, aliyelala vikao vingi. Alisema niwasalimie watu wa Kangemi, ile mishiri ilikuwa nzuri. Mkewe aliipika yote katika sufuria moja, na yeye, pale mezani nyumbani, akasimulia kisa cha yale mafungu mawili, familia nzima ikaanza kukisia kila mmoja kwa uma wake, na hakuna aliyeweza. "Wala mimi sikuweza," alisema akicheka, "na mimi ndiye niliyepitisha." Akaniacha nimesimama na mafaili kifuani.

Nikarudi kwenye taipu. Ripoti ilikuwa ukurasa wa nne, bado sijaitoa kwenye mashine. Nikaongeza sentensi moja baada ya kifungu cha saba: kwamba mjumbe aliyeonja mboga hizo hakuweza kutofautisha zilizochaguliwa nyumbani na zilizochaguliwa penye saruji. Sentensi moja. Katika miaka yangu yote pale, hiyo ndiyo sentensi pekee niliyoitunga mwenyewe.

Karani mkubwa wangu aliiona. Alisoma stensili zote akiziinua dirishani, moja moja, na sikutegemea aipite. Aliweka karatasi mezani kwangu na kichupa cha dawa nyekundu ya kufutia, ile inayonuka kama rangi ya kucha. Akaniuliza ilisemwa wapi. Nikasema koridoni. Hakunikaripia. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akavua miwani, akasugua macho kwa viganja, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba alikuwa amechoka kuliko mimi, na kwa muda mrefu zaidi.

"Unafikiri wanangoja ripoti yetu?" aliniuliza kwa upole. "Tangu nianze kazi hii, sijaona hata nukta moja waliyoibadilisha. Wanajibu kwamba imefika. Basi angalau iwe safi."

Kisha akachovya kile kiburashi mwenyewe na kuipaka sentensi yangu, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, akapuliza ikauke. Ripoti ikapigwa nakala, ikafungwa, ikaenda kwa ndege. Baada ya wiki kadhaa ikaja kadi iliyochapwa tayari, ikisema imefika. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: walikuwa wameichapisha kadi hiyo kwa wingi, ikabaki nafasi ya kujaza jina la nchi.

Sheria ilipita mwaka uliofuata, na kifungu cha saba kilikuwa mahali pake, na sakafu yake. Lori liliendelea kusimama kwa muda, labda kwa mazoea. Kisha likaanza kupita bila kusimama, likienda kwenye mashamba makubwa ya kule mbele. Asubuhi ya kwanza mama alikuwa amepanga katoni barabarani kama kawaida. Alizirudisha mwenyewe, mbili mbili, na hakutaka nimsaidie. Wiki ile tulikula mishiri iliyonyooka, wapangaji wote.

Aling'oa kabla ya mvua za vuli. Mafundi wakaja na mawe na mbao, na mahali pale paliposhuka kwenda mtoni pakapandwa vyumba vinane katika safu mbili. Vilikuwa vyumba bora kuliko vya kwanza. Vilikuwa na sakafu ya saruji, na bomba moja uani. Vyote walivyotaka Ulaya vikawa vimepatikana, isipokuwa mishiri. Chumba changu cha mbao kilikuwa kinavuja, akanipa cha tano katika safu ya chini, na nikakaa humo karibu miaka mitatu, nikilala juu ya matuta yake. Hakuwahi kulitaja jambo lile. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini yeye hata kovu alilifunika. Nilimwona tu jioni akitembea kati ya milango akiwa amefunga mikono nyuma, akitazama chini, kama anatafuta magugu.

Mwishoni mwa miaka ile ya sabini nilipandishwa cheo, nikapata nyumba ya kupanga Jamhuri pamoja na dada mmoja wa ofisini. Siku ya kuhama nilikuwa na pikapu ya kukodi uani, kitanda kimeshapanda, mimi nafunga masufuria. Akaja na kiondo. Kilikuwa kile kile, mistari ya bluu na nyekundu, imefifia. Akakiweka juu ya kreti langu la vyombo akaniambia nifungue.

Ndani kulikuwa na mafungu mawili ya mishiri. Madogo haya, ya kushika kwa mkono mmoja. Moja lilikuwa na kitambaa cheusi, jingine cheupe. Nikajua kwamba kuna mashina machache aliyoyaacha kando ya bomba, pale maji ya kufulia ya wapangaji yalipotiririka. Nilikuwa nimeyaona siku zote nikadhani yameota yenyewe.

"Moja ni yangu," alisema. "Hiyo ingine nimeomba kwa ile nyumba yao. Sasa niambie, Karani. Gani ni gani?"

Niliyashika. Niliyanusa. Nilivunja ganda moja la huku na moja la kule, yakalia vile vile, tak, yakatoa maji vile vile. Dereva alipiga honi. Nilitamani kukisia, kumpendeza tu, kisha nikaona kwamba ndilo jambo ambalo sikupaswa kulifanya tena.

"Sijui, Mama."

"Angalia vizuri. Leo wewe ndio kamati."

"Nimeangalia. Sijui."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, mara mbili, kama mtu aliyeletewa alichokiagiza zamani. "Haya," alisema. "Andika hivyo."

Nilimwaga mishiri kwenye sufuria yangu, cheusi na cheupe pamoja. Halafu mkono wangu, kwa kulelewa kwake, ukaenda wenyewe kwenye kreti kutafuta sukari. Aliuona. Akauzuia kwa mkono wake, mkavu, mzito.

"Hapana," alisema. "Leo nipatie tupu."

Nikampa kitupu, kwa mikono miwili.